Mstari Uliokatika Mtoni

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Vidole alimtilia bibi yake dawa ya macho. Bibi alikaa ukingoni mwa kitanda, akainua uso, akapepesa, kisha akauliza swali lake la siku zote: leo kuna jua au mawingu? Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, na dirisha kwake lilikuwa weupe tu.

Jina la Vidole alibandikwa na wenzake darasani kwa jinsi vidole gumba vyake vilivyokimbia juu ya simu. Basi hospitali ya mbali ilipompangia Bibi siku ya kupasuliwa jicho, mama alimkabidhi binti yake simu atafute usafiri. Alimwomba lakini apitie dukani kwa mjomba, aiangalie safari kwenye kompyuta kabla ya kushika nafasi. Safari yenyewe ilikuwa ya treni na kisha basi, na Bibi akichelewa angerudishwa mwisho wa foleni, angoje miezi mingine gizani.

Vidole aliona huko ni kupotezeana muda. Kompyuta ya mjomba ilikuwa imezeeka, na iliwaka kwa kujivuta kama mtu aliyekatizwa usingizi. Akajilaza mkekani, akabonyeza, akabonyeza tena. Treni ikatokea, na chini yake basi, vimepangana kama sahani juu ya sahani. Pembeni palikuwa na maneno madogo, "maelezo zaidi", ambayo hakuyagusa. Chai yake haijapoa, nafasi zilikuwa zimeshikwa, zinangoja kulipiwa. Mama alipouliza kama amehakikisha kila kitu, alijibu kwa kujiamini kabisa kwamba amehakikisha.

Bibi naye alikuwa na lake. Tiketi iliyomo ndani ya simu hakuitambua. Alitaka karatasi ya kushika mkononi. Kwa hiyo Jumamosi wote watatu walikwenda kwa mjomba, mwenye duka la kuchapisha na kutoa nakala. Mjomba aliifungua ile safari kwenye kompyuta, na kabla ya kulipa na kuchapisha akabonyeza palipoandikwa "ramani".

Vidole alisahau kufunga mdomo. Mkekani safari ilikuwa vipande viwili vya maandishi. Hapa milima ilijitandaza na vivuli vyake, ziwa likang'aa kando, reli ikapinda mabondeni, na mto mpana ukaligawa jiji katikati. Mwili ulimsisimka. Kumbe kitu alichokiita safari kilikuwa kikubwa namna hii, na Bibi angekipita chote akiwa haoni.

Mjomba akaikuza ramani mpaka ikajaa skrini. Bibi alisogeza kiti, pua ikakaribia kugusa kioo, akaanza kuufuata kwa kidole mstari mnene wa safari, kitu pekee alichoweza kukibaini kwa karibu hivyo, polepole, huku akitabasamu. Kidole kikafika mtoni, kikasimama.

"Baba," alimwambia mwanawe, "mbona mstari umekatika?"

Mjomba akainama kutazama. Treni iliishia ng'ambo hii ya mto, na basi liliondokea kituo cha ng'ambo ile. Katikati palikuwa na jiji zima na daraja la foleni, na muda uliobaki ulimtosha mtu kushuka na kupanda tu. Vidole aliitazama simu mkononi: humo treni na basi vilikuwa vimegusana. Pengo ambalo yeye hakuliona, ameliona mtu asiyejua kama nje kuna jua. Alipigwa na butwaa, na aibu ikaja nyuma yake.

Mjomba akauliza kama simu haikuonyesha. Jibu lilikuwa tayari ulimini: mtandao ulisumbua. Mama angeamini kabisa. Lakini kidole cha Bibi kilikuwa bado kimesimama palepale mtoni.

"Maelezo yalikuwepo, Mjomba. Sikuyafungua," alisema. "Mama, nilikwambia nimehakikisha. Nilidanganya."

Mama alishusha pumzi, akasema waanze upya. Mjomba hakugomba, alivuta kiti cha pili, akamwachia kompyuta. Walifuta zile nafasi, wakatafuta treni ya siku iliyotangulia na nyumba ya wageni karibu na kituo cha basi. Vidole alisoma kila mstari kwa sauti, hata ule wa mizigo, huku Bibi akiitikia kama yuko darasani. Mwishowe mjomba alichapisha karatasi za Bibi na kutuma nakala kwenye simu ya mama, maana kompyuta isingepanda treni.

Bibi alifika, akapasuliwa, akarudi na bandeji. Asubuhi moja baada ya bandeji kutolewa, Vidole alimkuta ukingoni mwa kitanda akiomba simu, na iwe imefunguliwa palepale penye ile safari. Aliishika mbali na uso, akakunja paji, akasoma kwa kuvuta: "Maelezo... zaidi." Akacheka mpaka kitanda kikatikisika.

"Mjukuu wangu, simu haikuwa na kosa, na kompyuta haina uchawi," alisema. "Mimi nilikuwa nasafiri kwa macho yako. Mtu akikutegemea hivyo, tazama mpaka mwisho. Na kama hukutazama, sema, kama ulivyosema siku ile. Kusema kwako ndiko kulikonivusha mto."

Vidole alifungua kichupa cha dawa, akisubiri swali la kila siku. Bibi aligeukia dirishani.

"Leo kuna mawingu," akasema. "Chukua sweta uende shule."