Kishikio Kilichosimamisha Saa za Mzenga

Kila Jumamosi asubuhi, baada ya kufagia uwanja na kumwagilia mchicha, Raudha alikabidhiwa kitambaa laini na kazi nyeti kuliko zote pale nyumbani: kuifuta kamera. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la sita, na aliishi na mama yake Kongowe, Kibaha. Mama yake alikuwa mpiga picha. Mbele yake watu walimwita Mama Raudha. Nyuma yake, hasa kule Mzenga alikozaliwa, walimwita Mama Betri.

Jina hilo lilikuwa na historia ya kusikitisha. Mwaka uliopita, kwenye harusi moja ya Mzenga, kila aliyekwenda kutunza, yaani kutoa zawadi, alitaka picha. Aliyetoa kanga alitaka picha. Aliyetoa sufuria alitaka picha mbili, moja yake na moja ya sufuria. Bibi harusi alipotoka ndani, betri ya kamera ikakata roho. Hadi leo harusi ile ina picha arobaini za vyombo, na haina hata moja ya bibi harusi.

Raudha aliifuta kamera polepole. Kisha, kama kawaida yake, akaweka jicho kwenye kitundu na kuiacha dunia. Ndani ya kitundu mawingu yalikuwa karibu kiasi cha kuyashika. Kuku alikuwa mkubwa kama nyumba. Aliweza kukaa humo mpaka uji upoe, na mara nyingi uji ulipoa.

"Raudha! Umeingia tena humo ndani?" mama yake aliita. "Toka, twende Mlandizi. Wiki ijayo Mwanajuma anatolewa mwali."

Mwanajuma alikuwa binti wa mjomba wake Raudha. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, na sasa alikuwa ndani kwa Bibi, Mzenga, akifundwa.

"Mwali hatoki mara mbili," mama yake alisema akifunga mtandio. "Huwezi kumwambia arudi ndani atoke tena, eti kamera ilizimika. Nikimkosa huyu, Mzenga sirudi tena na kamera. Nitarudi na jembe."

Mlandizi kulikuwa na duka la fundi mmoja aliyeitwa Hussen, ambaye aliuza na kutengeneza vifaa vya umeme.

"Shikamoo, Fundi Hussen," alisema Raudha.

"Marahaba, mwanangu. Mama Raudha, unachohitaji wewe ni kishikio cha betri." Aliweka viboksi vitatu juu ya meza. "Kinafungwa chini ya kamera kwa skrubu. Kinabeba betri mbili badala ya moja. Ya kwanza ikichoka, ya pili inapokea."

Kishikio cha kwanza kilikuwa cha kampuni ile ile iliyotengeneza kamera. Bei yake ingetosha mbuzi wawili na kamba zao. Mama Raudha alikirudisha taratibu, kama mtu anayerudisha yai la wenyewe. Viwili vilivyobaki vilikuwa vya kampuni nyingine, na bei yake ilikuwa ya kibinadamu. Kimoja kilikuwa na mstari mwekundu na kioo kidogo kilichowaka buluu. Kingine kilikuwa cheusi tu, na boksi lake lilikuwa limebonyea.

Raudha aliuona ule mwanga wa buluu, akaondoka. Mwili wake ulibaki dukani, lakini yeye alikuwa Mzenga, amesimama juu ya kiti, kishikio kikiwaka mkononi, ngoma zimenyamaza, na wazee kwa vijana wakinong'ona: "Huyo ni nani?"

"Hiki, mama! Hiki!"

"Kifaa hakinunuliwi kwa macho," alisema Hussen. "Kwanza soma jina la kamera kwenye boksi, lilingane na lililoandikwa kwenye kamera yako. Pili, kifunge hapa hapa, ukitikise. Tatu, bonyeza vitufe vyake, uone kama kamera inatii."

Mama Raudha akakifunga kile chenye mwanga. Kamera ilitii, lakini kishikio kilicheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Akafunga kile cheusi. Kilikaa kimya, kikang'ang'ania.

"Hiki kina trei mbili," Hussen aliongeza. "Hii ya betri za kamera. Na hii ya pili inaingia betri ndogo sita, zile za saa ya ukutani. Ni ya dharura, haidumu sana."

"Kamera inakula betri za saa?" aliuliza Raudha kwa dharau.

"Ikiwa na njaa, inakula," Hussen alijibu. "Mama Raudha, kikikusumbua, nirudishie. Nitakupa chako chote, maana nitakuwa nimekuuzia uongo."

Wakanunua kile cheusi pamoja na betri moja ya ziada. Raudha alinuna hadi Kongowe. Ile trei ya pili aliitupia mfukoni mwa begi la kamera, pamoja na vibanio vyake vya nywele.

Ijumaa alasiri mama yake alikwenda kwa mshonaji. "Chaja inaingiza betri moja moja," aliagiza. "Taa ikiwa ya kijani, toa hiyo, weka nyingine. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mama."

Raudha alijilaza mkekani mbele ya chaja. Taa ilikuwa nyekundu. Aliitazama mpaka ikawa jua dogo linalozama, na chini ya jua hilo kukawa na mji, na katika mji ule watu wote walikuwa na vishikio vyenye mwanga wa buluu. Taa iligeuka kijani. Katika ule mji kukapambazuka, yeye akaendelea kutembea. Betri ya pili ilibaki juu ya meza.

Mlango ulipolia, alishtuka, akachomoa betri, na kuzitia zote mbili kwenye trei.

"Zote zimejaa?" mama yake aliuliza akivua viatu.

Lilikuwa swali jepesi. Kusema "moja bado" kungechukua muda wa kupiga chafya.

"Zote, mama."

Jumamosi, Mzenga iliwapokea kwa ngoma na harufu ya pilau. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri, lakini hakuna aliyejali. Bibi alikaa mlangoni kwa mwali, maana yeye peke yake ndiye angemfunua. Kina mama walipoiona kamera, leo walimtania usoni kwake.

"Mama Betri umefika! Leo umekuja na jenereta?"

"Leo nimekuja na betri mbili, chokozeni mtakavyo!" mama yake akajibu, akicheka.

Watunzaji wakajipanga. Aliyetoa kanga alitaka picha. Aliyetoa sufuria alitaka mbili. Raudha alishika begi, akihesabu kila kamera ilipolia. Betri ya kwanza ikaisha. Ya pili ikapokea, ikapiga picha tano, na kamera ikazimika. Mwali alikuwa bado ndani.

Mama Raudha alibonyeza vitufe vyote. Akafungua, akafunga. Uso wake ukabadilika rangi.

"Kumbe ndiyo maana ya bei nafuu!" alisema kwa sauti ndogo yenye ncha. "Betri mbili zimejaa, kishikio kimezila zote kabla ya saa sita. Hussen ameniuzia uchafu. Na kila mpiga picha wa Kibaha atalijua jina lake leo hii."

Akachukua simu, akaelekea kwenye kichuguu. Mzenga, upande ule wa nyumba ya Bibi, mtandao ulipatikana juu ya kichuguu tu, na ulipendelea watu wanaosimama kwa mguu mmoja.

Raudha alibaki amesimama. Alijaribu kuondoka kama alivyozoea, kuingia katika kitundu chake cha mawingu. Safari hii hakikufunguka. Alichokiona ni Hussen, nyuma ya meza yake, akisema: nitakuwa nimekuuzia uongo. Uongo ulikuwepo kweli, ila haukutoka Mlandizi.

Alikimbia. Mama yake alikuwa juu ya kichuguu, mguu mmoja hewani, simu sikioni.

"Inaita," alisema mama. "Ngoja nimweleze mtu huyu!"

"Mama, si kishikio! Ni mimi. Betri ya pili sikuichaji. Nilisahau, halafu nikakudanganya."

Mama yake aliushusha mguu wake. Sauti ndogo ikaita ndani ya simu: "Haloo? Mama Raudha? Haloo?"

Mama alimtazama bintiye, kisha akavuta pumzi.

"Fundi Hussen," alisema. "Nilitaka kukutukana. Sasa nataka msaada. Betri zimeisha, umeme hakuna, na mwali anatoka."

"Ile trei ya pili mmekuja nayo?" sauti iliuliza.

Raudha alikuwa tayari ameshaingiza mkono mfukoni mwa begi, akimwaga vibanio vya nywele.

Duka la pekee la jirani lilikuwa limefungwa. Mwenyewe, Mzee Pazi, ndiye aliyekuwa akipiga ngoma kubwa. Raudha akamshika mkono binamu yake Maulidi, kaka yake mwali, aliyekuwa akilamba kidole cha pilau.

"Nyumba gani zina saa za ukutani?"

"We wa Kibaha una wazimu? Unataka kujua saa ngapi?"

"Nataka betri zake."

Maulidi alifikiri kwa uzito unaostahili. "Kwetu ipo. Kwa Mzee Pazi ipo, kwa jirani yake pia. Na rimoti ya runinga yetu ina mbili. Chukua, umeme wenyewe hakuna, nitabonyeza nini?"

Wakapita nyumba kwa nyumba, wakiomba. Walioombwa walicheka na kukubali. Ilibaki betri moja, na saa moja: ya Bibi, iliyoning'inia ukutani juu ya kichwa chake.

"Bibi, nisamehe," Raudha alihema. "Naomba kuisimamisha saa yako."

Bibi aliinua macho, akayashusha. "Chukua. Mwali anatoka ngoma ikishiba. Hajawahi kutoka kwa saa."

Ikasimama saa tano na dakika kumi. Nyumba ilitulia kwa namna ya ajabu. Ilikuwa kama ndani ya kitundu cha kamera, ila safari hii Raudha hakuwa peke yake.

Trei ikaingia. Kamera ikawaka, kwa unyonge, kama mtu aliyeamshwa kabla ya wakati.

"Picha za watunzaji zimeisha!" alitangaza mama. "Hata atakayetoa kabati!"

Ngoma ikashiba. Mwanajuma akatolewa amebebwa mabegani, amefunikwa kanga kichwani, vigelegele vikipasua anga. Akashushwa mbele ya Bibi. Mikono ya Bibi ikaufunua uso polepole, na pale mahali ambapo saa zote zilikuwa zimesimama, kamera ikalia. Ikalia mara kumi na saba. Kisha ikalala, imeshiba kazi.

Jioni, wageni walipopungua, Raudha alipewa adhabu yake: kurudisha kila betri mahali pake na kuirekebisha kila saa. Jumatatu, baada ya shule, angekwenda na mama yake Mlandizi kumweleza Hussen kwa kinywa chake mwenyewe. Mama yake alimwambia hayo bila kupaza sauti, na hilo lilimuuma zaidi.

Alimaliza na saa ya Bibi. Akapanda juu ya kigoda. Bibi alikuwa amekaa chini yake, akitazama picha ya mjukuu wake kwenye kioo cha kamera, iliyopata chaji baada ya umeme kurudi.

"Bibi, umenikasirikia?"

"Betri uliisahau," alisema Bibi. "Kila mtoto husahau. Hata mimi husahau, na mimi si mtoto. Lakini ulipoulizwa, ukasema 'zote'. Neno hilo dogo lingemvunjia mtu riziki yake kule Mlandizi, mtu aliyewauzia kitu kizima kwa bei mnayoiweza. Tena tungeendelea kumlaumu yeye, na mwali angetupita. Ulipolirudisha neno lako, ndipo tukajua pa kutafuta dawa. Umenielewa, mjukuu wangu?"

"Nimekuelewa, Bibi."

Aliitia betri. Mshale mwembamba ukashtuka, ukaanza kutembea.

"Niiweke saa ngapi, Bibi?"

Bibi hakuondoa macho kwenye picha.

"Weka ya kweli," alisema.