Elimu ya Mchumba Wangu Ilimzika Bibi

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mwalimu wa shule ya msingi, na sijapata kuolewa. Watu wa hapa Mkomaindo, Masasi, husema nina kiburi. Waache waseme! Leo nataka nyinyi wasomaji wenzangu mjue kilichonikuta, maana nimenyamaza mpaka kifua kinauma.

Ilikuwa siku za Mwingereza, miaka michache kabla ya Uhuru. Wazazi wangu walifariki nikiwa mchanga, nikalelewa na Bibi Perpetua, mama yake mama. Bibi alikuwa mtu wa kanisa hasa. Ndiye aliyefua vitambaa vya altare, na akina mama wa misheni hawakuanza kikao mpaka afike.

Nilichumbiwa na Dunstani, kijana wa Newala, aliyekuwa akisoma historia na elimu ya siasa chuoni kule Uganda. Jamani, nilivimba kichwa! Akija likizo alizungumza juu ya uhuru, usawa na haki ya kila mtu, nami nikimsikiliza mdomo wazi.

Kwetu watoto hufuata ukoo wa mama, na binti haposwi bila mjomba wa kusema naye. Aliyesimama kama mjomba wangu alikuwa Mzee Barnaba, mpiga kengele wa kanisa. Posa ikapokelewa, harusi ikapangwa.

Lakini ngoja niwaeleze jambo. Wazee kadhaa wa misheni hawakuwa wazaliwa wa Masasi. Walikombolewa utotoni kutoka misafara ya watumwa, wakalelewa na mapadri. Hawakuwa na koo, basi wakafanyiana undugu wao kwa wao. Bibi yangu alikuwa mmoja wao. Mzee Barnaba hakuwa damu yetu. Mama yake na Bibi waliletwa pamoja, basi. Wa rika lao walijua, na hakuna aliyeuliza. Ilikuwa ndiyo adabu.

Chuoni Dunstani alitakiwa kuandika habari za watu wa kwao. Akaniomba nimsemee kwa Bibi, nami nikaenda mbio.

Bibi akaniuliza, "Mjukuu wangu, huyu atakuoa kweli?"

"Ndiyo, Bibi."

"Basi ni mtoto wa nyumbani. Aje."

Wakakaa mkekani kila alasiri, mimi nikiwa jikoni nawapikia. Siku moja nilisikia Bibi akilia... nikaona haya kuingia.

Likizo ile ile walimu wakamwalika Dunstani azungumze ukumbini pa shule. Hata mjomba wake alishuka kutoka Newala kwa lori. Bibi alivaa kanga mpya, tukakaa mbele. Dunstani akaeleza habari za Mjerumani na Mwingereza, watu wakapiga makofi. Kisha akasema historia si ya wafalme tu, akanyoosha mkono kwetu.

"Mama yetu huyu, Bibi Perpetua, alikuwa mtumwa! Aliuzwa kwa kipande cha kaniki. Hana ukoo, hana kabila, lakini mtazameni leo!"

Alikuwa akitabasamu! Alidhani anampa heshima!

Hakuna aliyepiga makofi. Bibi aliinuka, akajitanda kanga usoni, akatoka. Nilimfuata mpaka nyumbani.

Kesho yake mjomba wa Dunstani alivunja uchumba. Alimwita Mzee Barnaba mwongo mbele ya watu. Kisha akasema, "Sisi hatuoi pasipo na mjomba. Hao watoto watakuwa wa nani?"

Dunstani alikuja jioni, macho mekundu. Akasema hakukusudia ubaya, ukweli hauna aibu, na zama za mambo hayo zimepita.

"Basi twende sasa hivi," nikamwambia. "Simama mbele ya mjomba wako, useme hayo hayo."

Akatazama viatu vyake. "Editha, yule ndiye aliyenisomesha..."

Mtu aliyejiandaa kumpinga Mwingereza alimwogopa mjomba wake! Alirudi chuoni, na nikasikia kuwa walimu wake walimsifu sana kwa kazi ile. Mwaka uliofuata akaoa kwao Newala.

Ningekuwa mimi peke yangu, ningevumilia. Lakini Bibi! Akina mama walianza vikao bila yeye. Vitambaa vya altare akapewa mwingine, ati Bibi apumzike, amezeeka. Watu aliowauguza na kuwazalisha wakawa wanamsalimia "shikamoo" huku wanapita. Nilipomwomba anisimulie na mimi, alitikisa kichwa. "Nilishasema mara moja, mjukuu wangu. Ilitosha."

Alifariki kabla ya korosho kuiva. Kwa desturi, mjomba ndiye husimama mazikoni aseme marehemu ni wa nani na ametoka wapi. Mzee Barnaba alikaa nyuma kabisa, kichwa chini. Hakusimama mtu. Tulimfukia Bibi yangu hivyo hivyo...

Wiki chache baadaye Mzee Barnaba aliniambia kuwa Bibi alimdokezea kwamba alikumbuka jina la mama yake mzazi na la kijiji alikokamatwa. Majina yenyewe hakumtajia mtu maisha yake yote, ila yule kijana.

Nilisubiri. Uhuru ulipokaribia, Dunstani alikuja Masasi kuhutubia mkutano wa siasa. Alisema hakuna tena bwana wala mtumwa, watu wakashangilia mpaka vumbi likatimka. Nikapenya hadi mbele, nikamwuliza jambo moja tu. Mama yake Bibi aliitwa nani?

Alikunja uso, akakuna kichwa. "Editha, ni zamani... Yalikuwa majina mengi."

Alikuwa amesahau!

Wasomaji wenzangu, elimu si mbaya, nami naula mkate wake. Lakini nyinyi vijana mnaosoma historia vyuoni, hao mnaowaandika bado wanaishi, wana majirani, wana wajukuu wa kuozwa. Na nyinyi mabinti, nawasihi, msifanye kama mimi. Wazee wenu wakiwa hai, ketini nao nyinyi wenyewe mkekani, mwaulize. Msimwachie mgeni asikilize nanyi mko jikoni mnapika.