Ukuta wa Magunia

Ile ilikuwa hadiwea ya nne, duka la vifaa vya ujenzi, Cheruto kuingia asubuhi hiyo, na kote alikuwa akiuliza swali moja: gunia tupu la kutilia mchanga ni pesa ngapi? Duka lilikuwa limejaa pomoni. Mafundi walikuwa wakigombania misumari, mkokoteni ulikuwa umeziba mlango, na mwenye duka, Shabir, alikuwa akihudumia wateja watatu na simu moja kwa pamoja. Cheruto alikuwa amevaa suti ya rangi ya damu ya mzee, na mkononi alishika daftari jembamba alimoandika kila alichoambiwa.

"Dada, unanunua ama unauliza?" Shabir akamwita juu ya kelele.

"Leo nauliza tu. Kununua kuna utaratibu wake."

Mtu akacheka nyuma yake. "Shabir, chunga. Mtu akiuliza bei hivyo, ama ni wa serikali ama anajenga nyumba ya mama mkwe."

Cheruto akageuka. Aliyecheka alikuwa mwanamume mrefu, mwenye ovaroli ya samawati iliyopauka kwa kufuliwa, harufu ya dizeli mikononi na mwanya mdogo katika meno ya mbele.

"Na wewe ni wa nini?"

"Mimi ni wa lori na pampu za maji. Naitwa Khisa. Na usichukue hilo gunia la kijani." Akalivuta kwa vidole viwili, nyuzi zikaachana. "Likikaa kwa maji siku mbili, linafumuka kama sweta kuukuu. Chukua hilo jeupe, zito."

Cheruto akaandika hilo pia. Alipoinua macho, yule mtu alikuwa bado anamtazama, naye Cheruto hakuona aibu ya kutazamwa. Ndipo akaiandika namba yake ya simu nyuma ya risiti aliyoshika Khisa, akatoka upesi kama mtu aliyeiba.

Simu ililia siku ya tatu.

"Malkia wa Bei, sasa?"

"Poa. Nani amekupa namba yangu?"

"Kuna dada mmoja mrembo. Kuja tule viazi karai."

Wakala viazi karai, vile vya kukaangwa na unga, na Cheruto akavikosoa kila alipotafuna. "Kwetu Molo hiki ni kiazi cha kupea ng'ombe."

"Basi nipeleke Molo nikale cha watu."

"Mama ataniuliza nimeleta nani."

"Mwambie umeleta dereva."

Ikawa hivyo majuma sita. Khisa alimwita Cheru, naye Cheruto akamwita Fundi wangu. Kulikuwa na jambo moja tu walilokubaliana kwa uzito. Cheruto alikuwa afisa wa ununuzi katika ofisi moja ya serikali mjini Nakuru iliyoshughulikia maafa: mafuriko, maporomoko, moto. Khisa alikodisha lori kwa yeyote aliyelihitaji.

"Kazi yangu na yako zisikae meza moja," Cheruto alimwambia. "Usiniambie, nisikuambie."

"Sawa, madam."

Makubaliano hayo yalionekana ya busara wakati ule.

Mwezi wa Mei mvua ilinyesha Nyandarua mfululizo, na mto Malewa ukashuka ukiwa na rangi ya chai ya maziwa. Ziwa Naivasha likaanza kutembea. Kule Kihoto, mtaa wa wafanyakazi wa mashamba ya maua, maji yaliingia kwanza vyooni, kisha jikoni, kisha yakafika madirishani. Watu walivuka kwa mitumbwi katikati ya nyumba zao. Kiboko alionekana mchana akila nyasi nje ya kanisa, wala hakuna aliyethubutu kumfukuza.

Mkuu wa ofisi, Bwana Kosgei, alikuwa mtu wa suti za kijivu na sauti ya upole. Alimwekea Cheruto faili mezani. Ulihitajika ukuta wa magunia na mawe kuzuia ziwa, na kazi hiyo ingepewa kampuni ya Kibii. Ofisi nzima ilijua Kibii ni shemeji yake Kosgei, ila hakuna aliyelitamka.

"Sheria ya dharura inaturuhusu kuacha kutangaza tenda," Cheruto alisema. "Haituruhusu kuacha kuuliza. Hii kampuni imesajiliwa wiki tatu zilizopita. Imewahi kujenga nini?"

"Cheruto, maji yako kwa madirisha ya watu. Unataka tuyaambie yangoje kamati?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu, kwa sababu ni kweli maji yalikuwa madirishani. Alikuwa ameyaona kwa macho yake. Mwishowe alikubali, lakini akasisitiza kila kitu kiandikwe katika mkataba: msingi wa mawe, changarawe iliyoshindiliwa, magunia mazito pande zote mbili. Na kabla ukuta haujapokelewa, kamati ya watu watatu iukague, yeye akiwa mmoja wao.

"Andika yote unayotaka," Kosgei alisema, akatabasamu. Tabasamu lile lilimtia Cheruto baridi kuliko ugomvi.

Baada ya siku kumi na moja alishuka Kihoto na gambuti zake. Ukuta ulikuwa umesimama, mrefu kuliko mtu, na kwa mbali ulipendeza. Nyuma ya nyumba ya mwisho alikuta mama mmoja, Nabalayo, muuza sukuma wiki, ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa akiutazama ule ukuta kama mtu anayetazama mbwa asiyemjua.

"Wewe ni wa serikali?" Nabalayo aliuliza. "Kuja uone."

Akachukua fimbo akaisukuma katikati ya magunia mawili. Iliingia bila kelele mpaka ngumi yake ikagusa gunia. Alipoichomoa, maji membamba yakafuata.

"Mwanangu, hii si ukuta. Ni pazia."

Magunia yalikuwa ya kijani. Ndani mlikuwa na udongo laini kama unga, wala hapakuwa na jiwe hata moja. Cheruto alirudi kwenye gari akafungua faili lenye hati za kupokelea mzigo. Zilikuwa sitini, na chini ya kila moja palikuwa na sahihi ya msafirishaji. Aliijua ile K kubwa yenye mkia. Alipiga simu pale pale, miguu ikiwa bado na tope.

"Khisa, ulibeba mchanga wa Kihoto?"

"Nilibeba udongo. Safari sitini."

"Udongo gani?"

"Ule walinionyesha. Cheru, mimi ni mtu wa lori. Naambiwa beba, nabeba."

"Ulijua ni mkataba wa ofisi yangu?"

"Nilijua. Si ni wewe ulisema kazi zisikae meza moja?"

"Tumekula pamoja mara ngapi hizi wiki mbili? Unakula na mimi, unanawa mikono, halafu unarudi kuzika watu wakiwa hai."

"Usiseme hivyo, mpenzi."

"Ulinipendea nini? Mimi, ama hiyo ofisi?"

Hakungoja jibu.

Asubuhi yake Kosgei alimwita, akafunga mlango taratibu. "Nasikia mwenye lori ni rafiki yako. Rafiki wa karibu sana. Sheria unaijua kunishinda: mwenye maslahi hakagui. Andika ujitoe kwa kamati. Usipoandika, tutaandika sisi, kwamba ulificha."

Malori yamejaa Nakuru, Molo, hata Mau Narok. Katika yote hayo, Kibii alikuwa amelichagua la Khisa. Hawakuhitaji lori. Walihitaji kamba ya kumfunga yeye. Akijitoa, wawili waliobaki wataupitisha ukuta. Asipojitoa, hata ukweli wake utakuwa uongo wa mtu aliyemficha mpenzi wake.

Akaandika. Hata mama yake mwenyewe kule Molo, Cheruto hakuwa amemwambia bado, na sasa alikuwa akiiambia serikali, kwa tarehe na muhuri: Nina uhusiano wa kimapenzi na Khisa, msafirishaji katika mkataba huu, kwa hiyo ninajitoa. Lakini chini yake akaongeza aya ya pili, ya kile alichokiona kabla ya kujitoa: rangi ya magunia, aina ya udongo, fimbo ilivyoingia, maji yalivyotoka. Nakala moja akampa Kosgei, nyingine akaipeleka mwenyewe kwa wapelelezi wa serikali.

Saa nane mchana alikuwa amesimamishwa kazi. Saa kumi kamati ya watu wawili iliupokea ukuta. Alipokuwa akifungua mlango wa nyumba yake, simu ngeni iliingia. Sauti ya mwanamume, yenye adabu.

"Dada, ziwa ni kubwa. Likimeza mtu mmoja, halijai."

Siku tisa zikapita bila neno la Khisa. Jumamosi Cheruto hakuvumilia tena. Alishuka Kihoto kuwasihi watu wahame. Aligonga milango, na karibu kila mlango ulimjibu vivyo hivyo: serikali si imejenga ukuta? Sisi tumeuona. Maji yalikuwa yamepanda mpaka gunia la nne kutoka juu, na chini ya ukuta samaki wadogo waliokufa walielea matumbo juu.

Kwenye kona ya mwisho akaliona lori. Khisa alikuwa akitoka kwenye nyumba moja, godoro kichwani, shati limeganda mgongoni kwa jasho. Walitazamana.

"Umekuja kukagua?"

"Nimesimamishwa. Sikagui kitu."

"Basi shika huo upande, usiguse matope."

Wakabeba godoro, kisha meza, kisha kabati. Ilipofika familia ya tano kati ya zile chache zilizokubali kuhama, Khisa akaketi kwenye ngazi ya lori.

"Uliposema nazika watu, nilirudi pale shimoni walikonipakilia, nikaushika ule udongo. Nikaubana, ukapita kwa vidole. Cheru, niliuona tangu safari ya kwanza. Nikajiambia si kazi yangu kuona." Akatoa daftari lenye alama za grisi. "Kila safari nimeandika: siku, shimo, na nani alinituma. Nikipeleka hii, Kibii anashikwa. Na mimi nashikwa."

"Najua."

"Hutaniambia niichome?"

"Hapana, Fundi wangu."

Khisa akacheka kidogo, bila furaha. "Kwanza hapo ndipo nilikupendea. Haikuwa ofisi."

Cheruto alimpangusa tope shavuni kwa ncha ya leso yake, mkono ukakaa pale kuliko ilivyohitajika. "Nilikuhukumu kwa simu," akasema. "Walikutumia wewe ili wanifikie mimi, na sikukupa nafasi ya kusema."

"Ningesema nini? Sahihi ni yangu."

Jumapili, saa nane mchana, wakati kwaya ilikuwa bado inaimba upande wa juu, ukuta ulitoa sauti kama mtu anayesafisha koo. Gunia moja likateleza. Kisha mengine. Kisha ziwa likaingia Kihoto bila haraka, likiwa limebeba magugu, mbao na ndoo, likipita katika nyumba moja baada ya nyingine kama mwenye mali anayehesabu vyumba vyake. Nabalayo ndiye aliyepanda lori mwisho, jiko mkono mmoja na kuku mkono wa pili. Maji yalikuwa kwenye ekseli Khisa alipotia gia, na Cheruto, aliyekaa nyuma na watoto, aliona paa la nyumba ya yule mama likiinama kisha lisionekane tena.

Hakuna aliyekufa; wengi wa waliokuwa hawajahama walikuwa kanisani upande wa juu. Kwa sababu hiyo gazeti liliandika mistari minne tu. Na Jumatatu asubuhi Kosgei alitangaza dharura mpya, ya kukarabati ukuta. Faili likaandaliwa, na jina juu yake lilikuwa lile lile, Kibii.

Jumanne Khisa alivaa shati jeupe lililopigwa pasi. Waliketi kwenye benchi nje ya ofisi ya wapelelezi, mjini Nakuru, daftari likiwa katikati yao.

"Cheru, tuoane."

"Lini?"

"Leo. Kwa msajili, kabla sijaingia hapo. Nikitoka, sijui nitakuwa nani."

Moyo wa Cheruto ulisema ndiyo kabla mdomo haujafunguka. Akaushika mkono wake mgumu. "Tukioana leo, kesho wakili wa Kibii atasema mke anamtetea mume, na yote niliyoandika yatakuwa maneno ya jikoni. Mimi ni shahidi, mpenzi. Nitasema nilichoona chote, na sahihi yako ndani yake."

"Sema."

"Unaweza kufungwa."

"Sema hivyo hivyo. Lakini nijibu: hiyo ni ndiyo ama hapana?"

"Ni ndiyo. Nikimaliza kusema mbele ya hakimu, siku ya pili yake nitakuja kukuchukua popote watakapokuwa wamekuweka. Ukiwa ndani, tutafunga ndoa hapo ndani."

Khisa akaitwa. Alisimama, akavuta kola, akaingia bila kugeuka.

Saa moja ikapita. Gari la kijivu lilisimama barabarani, kioo kikashuka. Alikuwa Kosgei, sauti ile ile ya upole. "Habari ya hapa, Cheruto? Mama hajambo kule Molo? Mlango wake wa kijani umepakwa rangi vizuri." Kioo kikapanda. Cheruto hakuwa amewahi kumwambia mtu yeyote ofisini rangi ya mlango wa mama yake. Akampigia mama simu, akamwambia afunge aende kwa jirani, wala asimfungulie mtu. Kisha akaketi tena kwenye benchi lile lile. Hakuondoka.

Mlango ulipofunguka, Khisa alikuwa katikati ya maafisa wawili. "Tutakuwa naye mpaka afikishwe kortini," mmoja alisema.

Khisa akamkabidhi Cheruto simu yake. "Nipigie mama yangu, yuko Kimilili. Namba ya kwanza. Mwambie polepole, presha yake si nzuri."

Wakampeleka. Cheruto akatafuta namba ya kwanza, akapiga.

"Mama, shikamoo. Mimi naitwa Cheruto. Khisa ameniambia nikupigie."

Upande wa pili kuku walisikika, kisha pumzi ya mtu aliyeketi chini ghafla. "Ameumia?"

"Hapana, mama. Amekamatwa. Alibeba udongo mbaya, na leo amekwenda kusema mwenyewe."

"Amesema ukweli?"

"Amesema wote."

Yule mama akawafukuza kuku, akarudi kwenye simu.

"Na wewe, mwanangu, ni nani kwake?"

"Mimi ndiye ninayemngoja."

"Hapo ulipo, umekula?"

"Bado."

"Basi nenda ule kwanza," yule mama akasema, sauti ikipasuka katikati. "Kungoja mtu aliyefungwa si kazi ya siku moja."