Usiseme Yameisha

Fundi alishona kwa mguu wa kulia. Mikono ilishika kitambaa, lakini mguu ndio uliosukuma cherehani. Na mbwa wa jirani, katika miguu yote ya mtaani, akachagua huo.

Jirani aliitwa Bwana Geti. Geti alikuwa nalo, kubwa, la chuma. Kulifunga tu ndiko kulikomshinda. Mbwa wake aliitwa Mpole.

Fundi alipoumwa aliosha jeraha palepale kwa sabuni na maji mengi ya bomba. Akaenda hospitali, akaanza sindano za kuzuia kichaa cha mbwa. Sasa alikuwa kitandani, mguu juu ya mto, amechoka mpaka sauti. Cherehani ilikuwa kimya. Sare za wateja zilimkodolea macho.

Bwana Geti akaja na mfuko wa machungwa.

"Pole, shemeji. Mpole hajawahi kuuma mtu."

"Basi kaanza na mimi."

"Sisi majirani, bwana. Sema yameisha, tuendelee na maisha."

"Sema tu, mke wangu," mumewe alisihi. "Nimechoka na maneno."

Fundi naye alikuwa hoi. Akafungua mdomo.

"Wifi, funga huo mdomo!"

Alikuwa dada wa mumewe, msaidizi wa sheria wa mtaa, amesimama mlangoni.

"Yameisha nini? Mguu umepona? Neno hilo ukilisema leo, kesho atasema mlishapatana."

"Lakini kashasema pole, wifi."

"Pole ni adabu. Fidia ni haki. Mbwa kaachwa huru, kauma mpita njia: mwenye mbwa anaweza kudaiwa gharama za matibabu, na kazi uliyokosa pia. Sheria hazifanani kila mahali, ndiyo maana tunauliza kwanza. Toa taarifa polisi. Tunza risiti za hospitali. Piga picha jeraha. Aliyeona, mwombe awe shahidi."

"Na Mpole?" Bwana Geti aliuliza kwa unyonge.

"Mfunge. Usimuue, usimfiche. Daktari wa mifugo amwangalie kama ana kichaa."

"Na machungwa yangu?"

"Tutakula. Ila si fidia."

Haikuwa kazi ya siku moja. Fundi alichechemea hadi polisi, akaambiwa arudi kesho. Akarudi. Alipiga miayo kwenye mabenchi mpaka mabenchi yakamzoea. Mara mbili alitaka kuacha. Wifi akamshika mkono: "Twende, kiguru wangu."

Mwishowe walikaa na Bwana Geti mbele ya msuluhishi. Risiti ziliongea, shahidi akaongea. Bwana Geti akakubali kwa maandishi, na akalipa yote.

Mguu ulipopona, Fundi alirudi kwenye cherehani. Bwana Geti akachungulia dirishani.

"Shemeji, nimemaliza. Sasa utasema?"

"Geti umelifunga?"

Bwana Geti akakuna kichwa. Akarudi kwake, polepole. Chuma kikagonga chuma: ngwaa!

"Yameisha!" Fundi akapaza sauti, na mguu ukaanza kusukuma.