Usimbishie Mama

Foleni ya dawa ilikuwa imefika mlangoni, kila mtu ana lake la kulalamikia, pale mama yake Fundi Cherehani alipomdaka mkono wa shati mwanamume asiyemjua.

"Umechelewa wewe!" akamkaripia. "Sasa hiyo ndoa na binti yangu mtafunga lini?"

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Tangu mama aingiwe na ugonjwa wa kusahau, aibu za hadharani alikwisha kuzizoea, lakini si mbele ya mwanamume mrefu namna ile, shati jeupe limenyooka, macho yanacheka yenyewe.

"Mama, huyu si..."

"Nisamehe, mama," mwanamume akamwahi. "Kweli nimechelewa. Ndoa ipo njiani."

Mama akatulia, akamwachia. Mwanamume akamnong'oneza Fundi: "Ukimbishia unamwongezea hofu tu, dada. Mimi ni muuguzi, nafundisha watu wanaowalea wagonjwa kama mama. Kila Jumamosi asubuhi, ukumbi wa juu. Njoo. Na wewe unahitaji mtu wa kukuuliza umeamkaje."

Fundi akaenda. Alijifunza kumwogesha mama bila ugomvi, kumpa kazi ya mikono anapohangaika, na kuomba msaada bila kuona haya. Jumamosi ya tatu alivaa gauni la njano alilojishonea mwenyewe, eti kwa sababu ya joto. Simu za Muuguzi nazo zikaanza.

"Mama amekula?"

"Amekula. Mbona mimi huniulizi?"

"Naogopa. Ukisema hujala nitakuja mbio na sufuria mkononi."

"Basi sijala, mpenzi mwalimu."

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Darasa zima lilikwisha kujua.

Jumamosi ya sita, Muuguzi alikuwa akifundisha jinsi ya kuingia katika dunia ya mgonjwa. "Kuna mama mmoja huniita mkwe wake," akasema. "Naitikia tu. Sipungukiwi na kitu."

Watu wakacheka. Fundi hakucheka. Kumbe maneno yote yale matamu yalikuwa dawa ya mama, na yeye ndiye aliyekuwa akiimeza! Akachukua mkoba wake akatoka, na kwa siku nne simu iliita mpaka ikachoka.

Siku ya tano Muuguzi akajileta mwenyewe dukani kwa Fundi. Mama alikuwa pembeni ya cherehani, anachambua vifungo kwa rangi. Akainua uso.

"Nani huyu?"

"Ni mimi mkwe wako, mama."

"Mkwe? Sina mkwe mimi. Binti yangu hana mchumba!"

Fundi akasimamisha cherehani. Alijua jibu la darasani: ndiyo, mama, hana. Akalisubiri.

"Hapana, mama," Muuguzi akasema. "Anaye."

"Mwalimu!" Fundi akashtuka. "Unambishia mgonjwa?"

"Leo nambishia. Na mbele ya darasa nilisema uongo, nilikuwa nawaonea haya. Kila nikiitikia napungukiwa, mpenzi, maana natamani iwe kweli. Nioe mimi. Yaani, nikuoe. Ah! Hata maneno yamenikimbia."

Fundi alitaka kununa zaidi, lakini kicheko kikamponyoka. Ila mama alikwisha kuingiwa na wasiwasi, vifungo vinamwagika kutoka mikononi. Fundi akapiga magoti, akaishika ile mikono.

"Una haki, mama. Hajawa mkwe bado. Ndiyo kwanza amekuja kukuomba."

Mama akamkagua Muuguzi kuanzia viatu. "Mbona amesimama, basi? Anayeomba huketi." Muuguzi akaketi chini, kwenye vipande vya vitambaa. "Na wewe binti, unamtaka?"

"Namtaka, mama. Tena sana."

Mama akaridhika, akarudia vifungo vyake. Haukupita muda akainua uso tena.

"Nani huyu?"

"Mchumba wangu, mama."

Hadi duka linafungwa mama aliuliza mara tisa, na mara zote tisa Fundi alijibu kwa furaha ileile ya kwanza.