Mlango wa Mbele wa Kina Thackray

Soko lenye paa la mji wa Aldersby lilikuwa limefurika Jumamosi ile, watu wanasukumana na vikapu vyao, sakafu imelowa maji ya samaki. Clive Ormerod alipita katikati yao amevaa koti jipya jeusi, refu hadi magotini. Miaka kumi na saba alikuwa beki wa kati wa timu ya mpira ya mji, mtu wa kaptura na matope. Tangu Jumanne alikuwa kocha.

"Wewe kocha! Hebu simama hapo hapo."

Nyuma ya meza ya vifungo na zipu alisimama mwanamke mwenye sweta la kijani, mkasi mkononi.

"Nimekosa nini?"

"Lete mkono. Unatembea na bei yako inaning'inia kama kuku wa Krismasi."

Kweli, kikaratasi cha dukani kilikuwa bado kwenye mkono wa koti. Asubuhi nzima alikuwa ameongea mbele ya waandishi wa habari kikiwa kinaning'inia. Masikio yakamwiva. Yule mwanamke akakata uzi.

"Usione haya, mpenzi. Mimi Glenys, dada yake Russell."

Russell Thackray, beki wa kushoto, alikuwa amecheza ubavuni mwa Clive miaka tisa.

"Hajawahi kuniambia ana dada."

"Mimi aliniambia ana kapteni mwenye pua iliyovunjika mara tatu. Naona hakudanganya."

Clive akacheka mpaka muuza samaki akageuka kutazama.

Jumapili iliyofuata alialikwa chakula cha mchana. Alipobisha mlango wa mbele, mama yao alichungulia dirishani, uso umesawijika.

"Mlango huo ni wa polisi na jeneza!" alimwambia. "Watu wetu wanapita nyuma, jikoni."

Tangu siku hiyo Clive akawa mtu wa mlango wa nyuma. Kila jioni simu ya kwa kina Thackray ililia, Russell akawa anapaza sauti kwa makusudi, "Glenys, njoo, shemeji huyu! Anasema amekula!" Glenys akija mbio, kandambili zinapiga sakafu.

"Umekula nini?"

"Mkate na maharage."

"Maskini kocha wangu. Na umefua soksi?"

"Zinakauka."

"Ndiyo maana nakupenda," akasema siku moja, bila kujipanga.

Mei ikafika, na Mei ndiyo mwezi wa orodha: nani anabaki kwenye timu, nani anaachwa. Clive alikuwa amewaahidi wachezaji mapema, "Hakuna atakayesikia habari yake kwa karatasi. Nitamwambia mimi, kwa mdomo wangu." Alikuwa na sababu. Alipokuwa na miaka kumi na tisa timu yake ya kwanza ilimwacha kwa barua, na mama yake ndiye aliyeifungua.

Ijumaa alimaliza orodha. Jina la Russell halikuwamo, kwa sababu ya goti. Alikusudia kumwambia Jumapili, wakiosha vyombo.

Jumapili mama alifumba macho, akamshukuru Mungu kwa chakula na kwa watu wa mezani. Clive akasema, "Amina." Russell akamwonyesha viatu vipya vya mpira alivyonunua kwa msimu ujao. Glenys akamshika mkono chini ya meza. Mama akamwongezea nyama na mchuzi, naye akala. Vyombo vikaoshwa, vikafutwa, vikapangwa kabatini. Clive akaaga, akaenda zake bila kutaja orodha.

Jumatatu gazeti la mji likaitoa orodha. Simu yake ililia saa mbili asubuhi.

"Ulijua lini?" Ilikuwa sauti ya Glenys, kavu.

"Glenys, mpenzi, nilitaka..."

"Nimeuliza lini."

"Ijumaa."

"Ijumaa. Halafu ukaja ukala nyama ya mama yangu. Ukasema na Amina!"

"Nilishindwa."

"Russell amesoma dukani, kwenye foleni ya maziwa, watu wanamtazama. Usinipigie tena."

Wiki tatu simu haikupokelewa. Sokoni akipita, Glenys aliinama kuhesabu vifungo. Lililomtafuna Clive zaidi ni kile chakula. Kila akikaa kula alikumbuka ile Amina, akaisukuma sahani kando.

Jumapili ya nne alivaa lile koti na kofia, ingawa jua lilikuwa kali, akaenda akabisha mlango wa mbele. Aliona hana haki ya ule wa nyuma. Majirani wakatoka vizingitini.

Komeo lilisuguka. Russell akafungua, nyuma yake Glenys.

"Nani?" mama akauliza kutoka jikoni.

"Mgeni," Glenys akajibu.

Clive akavua kofia. "Russell, nilikuacha nje ya orodha. Goti lako limekwisha, na uamuzi ulikuwa wangu. Nilijua, nikakaa mezani kwenu nikala. Nilikuogopa. Nimekuja kukwambia usoni, japo nimechelewa."

"Umekaba washambuliaji wa nchi nzima, kapteni, ukaniogopa mimi?"

"Ndiyo."

"Goti nalijua mwenyewe, mjinga wewe. Ningekuchukia siku mbili, basi."

Akaufunga mlango. Komeo likarudi. Clive akabaki barazani, jasho linamtiririka ndani ya koti, majirani wanamtazama, asijue aweke wapi macho. Alikuwa ameshaanza kushuka ngazi dirisha lilipofunguka.

"Unakwenda wapi?" Glenys aliuliza, macho mekundu. "Si umeambiwa mlango huo ni wa nani. Zunguka nyuma. Na ufute viatu."

Kiti chake kilikuwa pale pale. Mama hakumsalimu, alimwekea sahani, akakaa, akakunja mikono.

"Leo utaomba wewe."

Clive akainamisha kichwa. Akashukuru kwa chakula. Akafika kwenye watu wa mezani, sauti ikamkatika. Wakangoja, mchuzi unapoa. Chini ya meza mkono wa Glenys ukautafuta wake.

"Amina," Glenys akamsemea.