Namba ya Kiwandani

"Sindano, dakika tatu. Nikimaliza kuhesabu, nawasha."

Sauti ya Mkuu wa kikosi ilikatika sikioni. Kidude cha Motorola alichokificha ndani ya sikio kilipokea tu, hakikutuma. Watu wa magendo walimpekua kila kibarua aliyeshuka ghalani, na redio kamili ingemtoa roho mlangoni.

Giza totoro. Juu ilikuwa saa sita mchana, jua la utosi; huku chini mtu asingeuona mkono wake mwenyewe. Wahalifu walikata umeme asubuhi, walipomkamata karani wa mizani aliyegundua bunduki ndani ya magunia ya mchele.

Karani huyo ni dada yake Sindano, tumbo moja.

Tusidanganyane, bwana. Jasusi naye ana moyo, na wake ulidunda mpaka masikioni.

Mpango, uliowekwa kabla dada hajakamatwa, ulikuwa rahisi. Jioni tatu mfululizo, kwenye meza ya jikoni kwa dada, Sindano aliunda mtambo wake: taa tatu za lori, betri ya pikipiki, kipokezi na rimoti ya gari la kuchezea.

"Unanichomea meza na lehemu yako, fundi wa redio mbovu wewe!" dada alimfokea. Kisha jana, dada mwenyewe akazipachika zile taa kwenye boriti za ghala.

Leo Mkuu angebonyeza rimoti kupitia tundu la hewa la ghala. Taa ziwapofushe wahalifu. Askari waingie.

Sindano aliwasha kurunzi ndogo, akaibana kwa meno. Akamwona.

Dada alifungwa kwenye kiti, mdomo umezibwa kwa plasta. Macho yake yalielekea chini. Chini ya kiti palikuwa na boksi. Sindano akafunua kifuniko.

Bomu.

Na kwenye bomu, kipokezi cha kijani chenye nukta nyekundu. Kama chake. Kutoka kibanda kile kile cha vipuri alikonunua chake.

Alimkumbuka muuzaji: "Badilisha namba ya siri, ndugu yangu. Zote zinatoka kiwandani na namba moja." Naye alijibu, "Nitabadilisha kesho." Linalowezekana leo lisingoje kesho, dada alimwimbia hilo tangu utotoni.

Mkuu akibonyeza, taa zitawaka. Na dada atalipuka.

"Dakika moja, Sindano."

"Usibonyeze, Mkuu, nakuomba," alinong'ona, ingawa alijua hasikiki.

Kisu hana. Bisibisi hana. Alichomoa kibanio kwenye nywele za dada, akapiga magoti. Waya mbili zilitoka kwenye kipokezi kwenda kwenye kiwashio, zimebanwa kwa skrubu. Kibanio kiliteleza. Kikateleza tena.

"Sekunde thelathini."

Skrubu ikazunguka nusu.

"Nani yuko na karani wangu?"

Sauti ilitoka juu ya ngazi, tulivu kabisa. Mpole, kiongozi wa magendo, aliyeitwa hivyo kwa sababu hakuwahi kupaza sauti hata alipoua.

"Kibarua, mzee."

"Basi kibarua, umechagua siku mbaya."

Mpole alijibanza nyuma ya ukuta wa zege. Mkono peke yake ulichungulia, umeshika rimoti ya gari la kuchezea.

Sindano alivuta waya kwa nguvu zake zote, akamkumbatia dada, akafumba macho.

Klik.

Mwanga ukapenya hadi ndani ya kope zake. Akasubiri moto. Haukuja.

Taa tatu za lori zilikuwa zinawaka.

Mpole aliruka kutoka ukutani, kiganja machoni, akibonyeza tena na tena. Zikazima. Zikawaka. Zikazima.

"Nani amewasha?" Mkuu alifoka sikioni. "Liwalo na liwe, ingieni!"

Buti zikanguruma ngazini. Mpole alipigwa pingu akiwa bado anabonyeza.

Sindano alimfungua dada, akambandua plasta taratibu.

"Mdogo wangu, mbona unatetemeka?"

"Baridi, dada."

"Baridi, na jasho lote hilo?" Akaanza kulia, akamshika shati asimwachie.

Walipotoka nje, Mkuu alimsubiri mlangoni na maswali chungu nzima. Sindano alimrudishia dada kibanio chake, akapangusa magoti, akapita.

"Unakwenda wapi?" Mkuu aliuliza.

"Kibandani," alisema bila kugeuka. "Kubadilisha namba. Leo."